Dirisha la Maganga

Mwenye nyumba wetu pale Ngokolo anaviita apatimenti. Ni vyumba sita vya bloku vilivyopangwa mstari mmoja chini ya bati, kila kimoja na choo chake ndani, na kwa sababu ya choo hicho akapandisha kodi na jina. Mimi nakaa cha tano. Cha sita, cha mwisho, wanakaa Salvina na mume wake Maganga, nacho ndicho kibaya kuliko vyote, maana dirisha lake linatazama magharibi. Jua la Shinyanga la mwezi wa kumi halingoji kukaribishwa. Mchana ukishapinduka linaingia mle ndani na kukaa, na hata likizama bati linaendelea kutema moto wake taratibu.

Salvina ni Msumbwa wa Ushirombo, mrefu, mkimya, mtu wa misa ya asubuhi. Anauza michembe sokoni, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani. Mimi nikikasirika mtaa mzima unajua. Yeye akikasirika anaosha vyombo ambavyo tayari ni visafi. Alikutana na Maganga machimboni upande wa Geita, yeye akiwa mama lishe na Maganga akifanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Maganga ndiye aliyekuwa akimimina mawe na kukinga unga wake, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, na kinga yake ilikuwa kitambaa alichojifunga puani. Dhahabu walichukua wengine. Yeye aliondoka na vumbi, na vumbi hilo liko kifuani mwake hadi leo.

Hospitali walisema mapafu yamekakamaa na hayatarudi yalivyokuwa. Daktari alimwambia Salvina kwamba joto la miezi hii linaweza kummaliza, kwa hiyo kama ana uwezo amweke mahali penye ubaridi. Kama ana uwezo! Angemwambia amhamishie baharini ingekuwa vilevile. Feni walikuwa nayo, lakini feni ndani ya chumba cha bati inakuzungushia joto lako mwenyewe. Mchana nilikuwa namsikia Maganga kupitia ukutani akivuta pumzi kama mtu anayeburuta gunia sakafuni, nami naacha kula.

Walikuwa na kiwanja Katoro, kitu pekee cha maana Maganga alichotoka nacho machimboni. Salvina akakiuza. Aliwaambia watu wawili tu, mwanawe Samwel anayepakia mizigo kwenye malori kule Isaka, na mimi. Kisha akaniomba nimsindikize dukani.

"Mama Loveness, wewe mdomo unao," alisema. Sikukataa, kwa sababu ni kweli.

Muuzaji alikuwa kijana anayeitwa Sostenes, shati limenyooshwa vizuri.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba," nikajibu. "Tumefuata baridi, siyo maneno."

Akatuonyesha kwanza feni ya maji. Unajaza maji nyuma, unatia na barafu, inapuliza ubaridi, na umeme inakula kidogo. Akaiwasha. Mimi niliipenda papo hapo, ningekuwa na hela ningeibeba kichwani. Salvina aliweka kiganja mbele yake, akakirudisha, akakitazama. Kilikuwa kimeloa.

"Huu unyevu kwenye chumba kidogo unakwenda wapi?" akauliza.

"Unabaki ndani, mama, ila ukiacha dirisha wazi..."

"Mume wangu hata mvuke wa sufuria unamkaba." Akaiacha, akasogea mbele.

AC ya ukutani tulijua haiwezekani. Mzee Herman, mwenye nyumba, hataki hata msumari kwenye ukuta wake, sembuse tundu. Ikabaki ile ya kuhamisha. Ni sanduku refu jeupe lenye magurudumu, na nyuma lina bomba nene la kukunjika.

"Joto haliuawi, mama," Sostenes akamweleza. "Hii inalikusanya, inalitupa nje kwa hili bomba. Bomba linatokea dirishani, na nafasi yote inayobaki lazima izibwe, vinginevyo joto linarudi lilikotoka. Na mlango ufungwe muda wote. Ukiuacha wazi utakuwa unapoza Shinyanga nzima."

Salvina aliuliza maswali mpaka nikaanza kumwonea huruma yule kijana. Akauliza kama inaweza chumba cha bati kisichokuwa na dari nzuri. Maji yake yanamwagwa wapi. Je, soketi ya kawaida itaistahimili? Kisha akaomba iwashwe, nayo ikanguruma hadi tukalazimika kupaza sauti.

"Hakuna isiyo na kelele?"

"Ile ya ukutani injini yake inakaa nje. Hii injini unalala nayo chumbani."

Salvina alisimama pale mbele ya mashine muda mrefu. Nimeona watu wakichagua mchumba kwa haraka zaidi. Mwishowe akachukua ile kubwa, kwa sababu ya bati, na njiani alikuwa ameshika rozari ndani ya mkoba.

Fundi akaja, akakata plaiwudi sawasawa na dirisha, akatoboa duara la bomba, akaziba. Kazi safi, hakukubaki hata mwanya wa kupitisha kijiti cha kiberiti. Hakuna kati yetu aliyefikiri tumeziba nini.

Kitanda cha Maganga kilikuwa chini ya dirisha lile, na mbele yake inapita njia ya sokoni. Kila aliyepita alisimama, akashika nondo, akamsalimia. Walimpa habari za bei ya dengu, za ng'ombe wa nani wamekamatwa kwenye shamba la nani, za binti aliyekataa mahari. Naye alijibu kidogo kidogo, akicheka kwa pumzi fupi. Mtu asiyeinuka kitandani alizijua habari za Ngokolo kunizidi mimi, na mimi si mtu wa kupitwa na jambo.

Siku ya kwanza tulifurahi sana. Chumba kilipoa. Maganga alilala mchana, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu Agosti, na alipoamka akala ugali na mlenda akamaliza sahani. Salvina alipiga magoti kando ya lile sanduku na kusali. Na mimi nilikuwa naingia kila mara kumjulia hali mgonjwa, ingawa ukweli ni kwamba nusu ya safari zile nilikuwa nafuata baridi.

Baadaye akaja Makoye, kaka mkubwa wa Maganga, kutoka Didia, na ndugu wengine na jogoo wa mgonjwa. Kwao, na kwetu sote hapa, mlango wa mgonjwa hauwi wa kubisha. Unapiga hodi huku umeshaingia. Wakaukuta umefungwa. Salvina akawafungulia, wakaingia wote, wakaacha mlango wazi nyuma yao kama watu wenye adabu. Baridi ikatoka. Mashine ikanguruma zaidi. Maganga alikuwa akisema nao, midomo inacheza, na hakuna aliyesikia.

"Shemeji, zima hilo dude tumsikie ndugu yetu," Makoye akasema.

Akazima. Hawajamaliza hata kusalimiana, joto likawa limesharudi kutoka juu, na watu wale wote wamejaa mle ndani bila dirisha. Maganga akaanza kubanwa. Nilimwona Salvina akitazama kifua cha mumewe kikipanda, kisha akasema kwa upole kabisa, "Shemeji, naomba mtoke kidogo, nifunge mlango."

Makoye alinyanyuka polepole. "Kwetu mgonjwa hafungiwi mlango. Anayefungiwa kwenye baridi tunamjua." Akamfunga jogoo kwenye mguu wa kiti cha barazani, wakaondoka.

Neno hilo lilitembea kuliko wao. Kwenye bomba la maji nikasikia kwamba yule Msumbwa kamweka mume wake kwenye friji akiwa hai. Niligombana na wanawake wawili mpaka ndoo zikamwagika, na haikusaidia kitu. Watu wakaacha kuja. Hata waliokuwa wakipita njiani, wanamsalimia nani? Plaiwudi? Na lile bomba lilikuwa likipuliza joto la chumbani moja kwa moja kwenye miguu ya wapitaji, wakaanza kuzunguka kwa nyuma, kule kwa Philomena anayeuza mkaa. Njia ile ikabaki na nyayo za kuku tu.

Maganga akawa anapumua vizuri, amelala kwenye baridi, anatazama ubao. Siku moja nilimkuta akimwuliza mkewe, "Watu wamehama?"

"Wapo, Baba Samwel."

"Mbona siwasikii?"

Salvina alijaribu kuizima mashine jioni, wapitaji wasikike, lakini bati lilikuwa bado la moto na wapitaji wameshakwenda kupika. Akajaribu kumtoa nje kivulini. Vumbi la kiangazi lilimkohoza hadi akatoa damu, tukambeba kumrudisha mbio.

Kisha Maganga akamwambia azime, atoe ubao.

"Nimeuza kiwanja upumue," Salvina akasema. Ndiyo mara pekee nimesikia sauti yake ikipitia ukutani kwangu.

"Napumua," Maganga akajibu. "Napumua tangu asubuhi mpaka jioni. Hakuna kingine ninachofanya."

Aliosha vyombo vyote vya nyumba ile, na vyangu viwili alivyokuwa ameazima. Kisha akachukua bisibisi, akaing'oa plaiwudi mwenyewe.

Nilidhani watu watarudi. Nilipita nyumba kwa nyumba kuwaambia dirisha liko wazi, na kila mmoja akasema tutakuja, tutakuja. Lakini mguu ukishazoea njia mpya haukumbuki ya zamani. Makoye niliagiza aambiwe, hakuleta hata salamu. Ikawa Maganga amelala kwenye joto lile lile la mwanzo, uso umegeukia njia, anabanwa, na Salvina akigusa swichi ya mashine mumewe anatikisa kichwa. Akiiwasha lazima dirisha lizibwe, na huenda mtu akapita wakati limezibwa.

Jana mchana nilitoka kuanua nguo. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba hata kuku walikuwa wamejificha. Nikamwona Salvina amesimama njiani, nje ya dirisha lake mwenyewe, kapu la michembe kichwani kana kwamba anatoka mbali. Ameshika nondo.

"Mwangaluka, Maganga," akamsalimia kwa lugha ya mumewe, Kisukuma chake kibovu. "Mhola?"

Maganga alijua ni mke wake, wanaishi pamoja zaidi ya miaka ishirini. Akajibu hata hivyo. Neno, akavuta pumzi, neno jingine. Salvina akaanza kumweleza bei ya dengu.

Sikuweza kuvumilia. Nilikwenda nikamshika mkono, nikamwambia kwa sauti ya chini mume wake anabanwa, aingie amwashie mashine.

"Nikiingia ndani, Mama Loveness," akasema, "hapa nje hatabaki mtu."