Mimba Ilivyomkataa Iliki

Mume wangu mtaani wanamwita Iliki, na hajawahi kuiuza hata siku moja. Anafanya kazi kiwanda cha jin, ile pombe nyeupe kama maji, kwenye chumba cha viungo. Pombe yenyewe hanywi; ukimpa glasi ataivuta puani, akurudishie. Watu hawaamini. Wasiamini, shauri yao.

Jin bila viungo ni ukali mtupu. Ladha yote inatoka mikononi mwake. Anatwanga junipa, vitunda vyeusi vya mti unaofanana na msonobari, polepole mpaka ngozi ipasuke. Akizisaga, bibi msimamizi anamfokea. Anapepeta mbegu za giligilani, anapasua iliki, anamenya machungwa na malimau kwa kisu chembamba asichukue ule weupe wa ndani, maana unaleta uchungu. Vyote vinalowekwa kwenye pombe, kesho yake vinachemshwa, mvuke unaondoka na harufu, ukipozwa ndiyo jin. Kabla ya kupewa kazi hiyo aliosha chupa miaka na miaka, akikichungulia chumba hicho kwa hamu. Siku alipoingizwa alirudi nyumbani anacheka peke yake kama chizi.

Na mimi nilikuwa naipenda harufu yake, nisiseme uongo. Akifika tu namwambia, "Leo machungwa," naye anafurahi utadhani kapewa zawadi.

Halafu nikashika mimba. Weee! Mimba ikamkataa mwenyewe aliyeileta. Akikanyaga kizingiti tu, tumbo linapinduka, nakimbilia nje kutapika. Akawa anaoga uani kwanza, anajisugua kwa ndimu. "Ndimu tena?" nikamfokea. "Unataka kuniua?" Akahamia sebuleni, kwenye kochi fupi, miguu inaning'inia. Mwisho nikamwambia, "Chagua. Mimi au hayo maganda yako." Wiki hiyohiyo akaanza kurudi ananukia sabuni tupu. Kumbe aliomba arudishwe kwenye kuosha chupa. Nilipomuuliza akasema, "Aa, kazi ni kazi." Mimi nikala, nikashiba, nikalala. Sijutii, mimba si mchezo.

Akazaliwa binti, pua ya babake vilevile, na tumbo langu likatulia. Hapo ndipo nikamwona vizuri mume wangu. Anakula, anambeba mtoto, kimya. Yeye aliyekuwa akinipigia soga za mizizi na mbegu mpaka chakula kinapoa! Nikamuuliza, "Una nini, baba?"

"Nafasi yangu kuna mtu ameishikilia. Jumatatu wanampa moja kwa moja."

"Unataka kurudi?"

"Utatapika."

"Nimekuuliza, unataka kurudi?"

Akainamisha kichwa, machozi yakimlengalenga. Jamani, roho iliniuma.

Asubuhi nikambeba mtoto, nikaenda mpaka kwenye geti la kiwanda, nikamwita bibi msimamizi.

"Shikamoo, bibi. Mume wangu alitoka kwenye viungo kwa sababu ya tumbo langu. Tumbo lenyewe ndilo hili, nimelibeba. Naomba umrudishe."

Bibi akacheka mpaka akashika geti. "Mwanangu, kumbe ndiyo sababu? Mimi nilidhani amenichoka! Huyu niliye naye ananimenyea machungwa na weupe wake wote. Mumeo aingie leo leo. Ila akija kwako ananuka, usinirudishie."

"Akinuka ni wangu."

Jioni akasimama mlangoni, taulo mkononi, mashavu yamejaa kicheko anachokizuia. "Nikaoge kwanza?"

"Uoge ili iweje? Pita."

Akaingia na harufu yake yote, junipa na giligilani na limau, tumbo langu likatulia tuli. Nilikuwa nimemkosa mume wangu, wallahi. Nikamkumbatia palepale, jirani anatuona, na aone.

Akamwinamia mtoto. Mtoto akakunja uso, akapiga chafya, akapiga nyingine, kisha akaangua kilio cha nyumba nzima. Iliki akaruka nyuma, shati keshaanza kulivua, uso umemshuka.

"We, rudi hapa!" Nikamvuta mkono, nikamlaza mtoto kifuani pake, analia hivyohivyo.

"Na wewe zoea, mama," nikamwambia binti yangu. "Baba yako ndiye huyu."