Chale Kwenye Nyayo za Dada

Kila yanapofika mashindano ya dunia ya riadha, wanaume wa Bariadi hukusanyika mbele ya televisheni ya dukani na kuulizana kwa nini Wakenya wanashinda na sisi hatushindi. Nikilisikia swali hilo natamani kuizima televisheni hiyo, maana jibu lake nililelewa nalo nyumba moja, kule Ngulyati.

Dada yangu mkubwa alikuwa na mbio. Alizipata kwa kufukuza ndama waliotorokea kwenye pamba za watu, na shuleni hakuna mvulana aliyependa kushindana naye. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia na malori yao, na mmoja akaomba kiwanja cha shule awe anapimia pale. Kamati ilikubali hata kabla hajamaliza kuomba. Msimu ulipokwisha kiwanja kilikuwa makorongo matupu, na dada akawa anafanyia mazoezi barabarani, akimeza vumbi la malori yaleyale.

Hata hivyo aliitwa Mwanza kwenye mchujo wa timu ya taifa ya vijana. Watatu wa kwanza wangekwenda kukimbia nje ya nchi. Hakuna kingine alichokitaka duniani.

Mwalimu wa michezo alikuwa pia kiongozi wa kundi la ngoma. Kwetu, baada ya mavuno, makundi mawili hucheza yakitazamana, na lile linalovuta watazamaji wengi ndilo lililoshinda. Kinachovuta watu, wanasema, ni dawa. Basi mwalimu akaona na mbio ni hivyohivyo. Badala ya kumtafutia dada mahali pa kukimbilia, siku chache kabla ya safari akampeleka kwa mganga achanjwe chale kwenye nyayo. Dada alikataa. Baba akamwambia asimwaibishe mwalimu.

Nyayo zikatunga usaha. Nilimfunga vitambaa mimi mwenyewe, na harufu ile ninayo puani hadi leo. Alikimbia hivyohivyo, akawa wa nne. Mwalimu aliporudi alikitangazia kijiji kizima kwamba dawa ya wenzetu ilikuwa kali zaidi, na watu wazima, wenye akili zao, wakaanza kumtajia waganga wengine. Kuhusu kiwanja hakuna aliyefungua mdomo.

Miaka mingi baadaye, mwalimu akiwa amestaafu, mimi na dada tulimkuta palepale dukani. Mkenya mmoja alikuwa ameshinda, anazunguka uwanja na bendera mabegani. Mwalimu akasema wale jamaa dawa yao si ya kawaida.

Dada akavua kandambili, akakaa kwenye benchi kando yake na kuinua mguu ili makovu yaonekane.

“Mwalimu,” akasema taratibu, “hebu niangalizie. Ndiyo hii waliyochanjwa wao?”

Mwalimu aliutazama ule unyayo kidogo, kisha akamwomba mwenye duka aongeze sauti.