Oili Nyekundu Njiani kwenda Ndanai

Kilichotutoa Kedowa Jumamosi ile ni mdogo wangu Kiprono. Alikuwa amempata msichana wa Ndanai, kule Sotik, na wazazi wa msichana walikubali tuje kwa koito, yale mazungumzo ya posa ambayo kwetu Wakipsigis huongozwa na watu wa nyumba ya kijana, si kijana mwenyewe. Watu wa nyumba yetu ni mimi. Baba na mama walitutoka nikiwa bado shule ya msingi. Niliacha masomo, nikaenda kubeba mbao katika kiwanda cha Kedowa, baadaye nikawa dereva pale pale, na wadogo zangu wakabaki darasani. Mahali pa baba nimekaa mimi tangu sijaota ndevu.

Lakini upande wa msichana kulikuwa na maneno, na maneno hayo yalitufikia: "Hao ni watoto tu, hawana mzee. Wasipotokea siku hiyo, wasirudi tena." Kwa hiyo kufika ilikuwa lazima.

Tajiri wangu wa mbao alikubali kuniazima pikapu yake ya Kimarekani. Lilikuwa gari kuukuu alilonunua kwa mzungu mmoja wa Londiani aliyeuza kila kitu baada ya Uhuru akaenda zake. Halikuwa na klachi. Gia zilijibadilisha zenyewe, na ndani ya giaboksi kulikuwa na oili nyekundu, nyepesi, ambayo dereva huipima kwa kijiti kirefu injini ikiwa inanguruma. Watu wa Kedowa waliliita gari la wavivu.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, nilichomoa kijiti. Injini ilikuwa baridi, na gari limeegeshwa nje ya nyumba yetu, pua ikitazama mlimani. Oili ilikuwa chini kidogo ya alama. Shangazi Tapkigen, dada ya baba, alikuwa amesimama nyuma yangu na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kifuani. Alikuja nasi kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia abaki.

"Imepungua?" akauliza.

"Kidogo tu."

"Basi ongeza. Utamtoa msafiri nyumbani na kikombe nusu?"

Kwetu kikombe nusu ni matusi. Mgeni akimiminiwa chai, ifike mdomoni mwa kikombe, hata akichoma vidole. Nikaongeza oili. Shangazi akasema bado, nikaongeza tena. Galoni la oili iliyobaki nikalifunga nyuma pamoja na Kiprono na suti yake ya kuazima.

Tulipokaribia mji wa Kericho, nilisimama ili Shangazi anyooshe miguu. Kiprono akaruka chini, akainama, akasema, "Kaka, gari inatokwa na damu."

Barabara kule ni nyekundu, na oili ile nayo ni nyekundu. Ukiitazama chini huoni kitu ila unyevu kama wa mvua. Niliigusa, nikainusa. Ilikuwa oili. Nikalala chini ya gari na shati langu jeupe la koito, jambo ambalo Shangazi alilisema mara moja na akaendelea kulisema mpaka Sotik. Giaboksi lilikuwa limelowa kote, nyuma zaidi kuliko mbele. Nikachomoa kijiti. Tulikuwa tumesimama kwenye mwinuko, pua juu, na kijiti kikasema oili imepungua. Ningefanya nini? Nikaongeza.

Baada ya Kericho ni chai tupu, kilima baada ya kilima, kijani kiasi cha kuchosha macho. Katika mpando mmoja injini ikaanza kunguruma kama imepandwa na wazimu huku gari likienda polepole, polepole, kisha likasimama. Nilikanyaga mafuta mpaka mwisho. Hakuna kitu. Wachuma chai waliokuwa shambani wakatua vikapu, wakaja kutusukuma pamoja na nyapara wao, Mluhya mnene mwenye koti la mvua.

"Dreva, tumbukiza gia!" akapiga kelele.

"Hii haitumbukizwi. Inaingia yenyewe."

"Sasa mbona haiingii?"

"Kama ningejua, ningekuwa Ndanai sasa."

Mwanamke mmoja mwenye kikapu akachungulia miguuni mwangu. "Ala! Klachi iko wapi? Wameiba klachi ya huyu maskini!" Wote wakacheka, na Kiprono naye akacheka, jambo lililoniuma.

Walitusukuma hadi juu, na mbele kidogo ya kilele nikasimama. Nyapara akaona oili ikidondoka, akaona galoni, na kabla sijasema neno amekwisha kulifungua. "Gari inamwaga hivi, na wewe unaipimia kama dawa ya mtoto? Mpe ashibe!" Akamimina. Nilimshukuru kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya, lakini moyoni nilikuwa nimeanza kuchoka na kila mtu aliye hai.

Litein tulifika jua likiwa kali, gia zikiteleza katika kila mpando na gari likiacha ukanda wa unyevu nyuma yake. Karibu na soko palikuwa na fundi Mkisii, Nyakundi, aliyefanya kazi chini ya mti wa mkaratusi. Alitambaa chini ya gari, akatoka akitikisa kichwa.

"Sili ya nyuma, mpira wa kuzuia oili, imekwisha, ndugu. Nyuma kote kumelowa. Uniachie mpaka Jumatatu nitafute ingine."

"Jumatatu mdogo wangu hana mke."

"Basi atakuwa na sili mpya," akasema, akacheka peke yake.

Niliketi juu ya tairi. Jumatatu! Moyoni nilimwona yule wa Ndanai aliyesema hatuna mzee akiwaambia wenzake, si niliwaambia? Kiprono alikuwa amevua koti lake la kuazima na anajipepea nalo. Alinitazama tu, kama alivyokuwa akinitazama tangu udogo wake, akingoja nimtengenezee.

Shangazi ndiye aliyekasirika kwa sauti. "Nyinyi wanaume wawili mnaangalia mahali palipolowa. Kila mahali pamelowa! Panya akiiba mahindi ghalani utamjuaje? Si unamwaga jivu, kesho unaona amepitia wapi?"

Nyakundi akaniangalia. Mimi nikamwangalia. Kisha akaenda kuchukua mafuta ya taa.

Tuliosha giaboksi lote kwa mafuta ya taa na matambara, likakauka. Shangazi akaenda katika hoteli ya chai iliyokuwa jirani, akagombana na mwenye hoteli, akarudi na karai la jivu la mekoni. Tukalipaka kwa mikono, jivu laini, mpaka chuma kikawa cheupe kama mtoto aliyetoka kuchezea unga. Kisha nikaliendesha gari kuzunguka soko, nikapanda kilima, nikarudi.

Tulipochungulia, nyuma kulikuwa kukavu. Sili aliyoilaumu Nyakundi ilikuwa nzima. Jivu lilikuwa limekatwa na mchirizi mmoja mwekundu, nao ulitoka juu. Tuliufuata kwa kidole hadi kwenye bomba la kutilia oili, lile lile ambalo kijiti huingia, na hapo mdomoni palikuwa na povu la waridi likibubujika kama maziwa yaliyosahauliwa motoni. Oili ilikuwa inamwagikia nje ya bomba, inashuka, na upepo wa safari ulikuwa ukiisukuma nyuma.

"Haivuji," nikasema. "Inatapika."

"Imeshiba," akasema Nyakundi.

Tulitaka kuhakikisha, na hapo ikawa kazi nyingine, maana kupata mahali tambarare katika nchi ile si mchezo. Mwisho tuliingia uwanja wa mpira wa shule, tukasimama golini. Injini ikiwa moto na inanguruma, nikachomoa kijiti. Oili ilikuwa imepita alama kwa kiasi cha kidole kizima. Kumbe milimani, pua ikiwa juu, oili ilikimbilia nyuma na kijiti kikanidanganya kila mara. Nami nikazidi kuongeza, nayo ikazidi kuchapwa humo ndani mpaka ikawa povu, na povu haliwezi kusukuma gari. Nililegeza bomba linalopeleka oili kupozwa kwenye rejeta, tukaitoa ile ya ziada na kuirudisha galonini, mpaka kijiti kikasema sawa. Shangazi alitazama galoni likijaa kwa uso wa mtu anayeona mgeni akinyang'anywa chakula.

Kutoka Litein hadi Sotik, na Sotik hadi Ndanai, gari lilipanda kila kilima bila kulalamika. Mimi nililalamika kwa niaba yake.

Ndanai tulikuta wazee wamekwisha kuinuka vitini. Baba ya msichana alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa: shati lenye oili, jivu hadi viwikoni.

"Chamgei," akanisalimu, nami nikamwitikia. "Mzee wenu yuko wapi?"

"Ndiye huyu unayemwona," akasema Shangazi kabla yangu. "Amelala chini ya gari leo kwa ajili ya binti yako. Wa kwako nani amelala chini ya gari?"

Mzee mmoja akaguna, mwingine akacheka, na viti vikakaliwa tena. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Kisha baba ya msichana akamgeukia Kiprono na kumuuliza atamtunzaje binti yake. Nikafungua mdomo kujibu, maana nimemjibia Kiprono tangu baba alipokufa. Shangazi akanifinya paja.

"Usijaze," akanong'ona.

Nikanyamaza. Kiprono akakohoa, akatafuta maneno, akayapata. Hakusema kama ambavyo ningesema mimi. Alisema machache, na baba ya msichana akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake tuliondoka na posa imekubaliwa. Litein tulimpelekea Nyakundi maziwa tuliyopewa Ndanai. Kule kwa wachuma chai nyapara alinipungia mkono na kuuliza kama gari limeshiba, nikapiga honi na kupita haraka kabla hajalifikia galoni. Ndiyo faida niliyorudi nayo: gari nilipime mahali tambarare kabla ya kuliongezea kitu, na sasa nalipima kwenye uwanja wa shule ya kwetu hata watu wakinicheka.

Karibu na mji wa Kericho nilisimamisha gari, nikashuka, nikampa Kiprono ufunguo. Alikuwa amewahi kulisogeza uani mwa kiwanda tu, barabarani kamwe. Hakuniuliza mara mbili. Nikaketi upande wa pili, mikono magotini, na mpaka Kedowa sikusema neno, ingawa hakukwepa shimo hata moja.