Kipokezi cha Kumsikia Mutua

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, mvi zikiwa bado hazijanijua, nilipoandamana na mjomba Kioko kwenda kununua kipokezi cha redio, kile kidude unachochomeka kwenye kompyuta na programu inafanya kazi iliyobaki. Kaka yangu Mutua alikuwa daktari wa mifugo kule nyika ya Kitui, ambako simu haikushika. Alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, na kila Jumamosi alasiri aliongea na wenzake hewani. Mama, pale kwetu Mbumbuni, alikuwa hajasikia sauti yake tangu mvua zilizopita. Kanisani alishaanza kumwombea kama mgonjwa.

Dukani nilipenda kimoja chenye sifa ndefu.

"Mjomba, hii inashika hadi marubani wakiongea."

"Kwani Mutua ni rubani?" Mjomba ndiye aliyemfundisha Mutua redio, na hakuwa mtu wa haraka. "Yeye anaongea kwa megahezi saba. Hiyo yako inaanzia wapi?"

Nikasoma boksi. "Ishirini na nne."

"Basi Mutua atapita huko chini na hutamsikia."

Nilinuna, kusema kweli. Lakini tulirudi na kingine, cheusi, kisicho na madoido, kinachoshuka hadi chini ya hiyo saba ya Mutua. Tukafunga waya kutoka paani hadi kwenye mti wa mgunga, nikawasha. Kelele tupu! Mama ameshakaa, leso begani, anasubiri.

Mjomba akaenda akazima mtambo wa sola uliokuwa ukichaji betri, kisha akachomoa chaja ya kompyuta. Kelele ikakatika. Nikasikia sauti kama ya bata, nikasogeza masafa kidogokidogo, na bata akawa mtu: "...ng'ombe wamepona, na mimi niko sawa kabisa..."

"Niwe," Mama akasema kwa Kikamba. Ni yeye. Akapiga vigelegele hadi majirani wakaja wakidhani tuna harusi. Mimi nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Kwa hiyo mwanangu, ukiniuliza ununue kipokezi gani, niambie kwanza unataka kumsikia nani, na anaongea kwa masafa gani. Hakikisha kinafika hapo, halafu ndipo uangalie urembo. Waya uwe mrefu, uwe nje, na uzime sola kabla ya kulaumu mashine. Mungu akujalie, siku utakayowasha, yule unayemtafuta awe hewani, na awe mzima.