Mwisho wa Mpita Njia

Nakutegea, msomaji. Mwanamke ana unga wa mikate mitatu tu ndani ya nyumba. Wanawe watatu wanaondoka asubuhi kwenda kutafuta kazi, na kila mmoja anaondoka na mkate wake. Haya niambie, yeye mwenyewe amekula nini?

Usikimbilie kujibu. Bi Ruthanna Sizemore alitegewa kitendawili hiki akiwa na miaka kumi na saba. Leo ana sitini na miwili, na jibu hana.

Saa tatu asubuhi, Jumamosi ya mwezi wa Agosti, amekaa kwenye baraza la nyumba ya magogo ambayo si yake. Amevaa gauni refu la maua ambalo pia si lake. Mapajani ameweka beseni la maharagwe mabichi, na mkononi ana sindano yenye uzi mrefu.

Hiki ni kijiji cha maonyesho, huku milimani mashariki mwa Kentaki. Watalii hulipa kiingilio waone watu wa milima waliishije zamani. Watu wenyewe wa milima wapo hapo chini bondeni, dakika kumi kwa gari, na hakuna anayelipa kuwaona.

Bi Ruthanna analipwa dola kumi na moja kwa saa kutunga maharagwe na kusimulia hadithi. Anachukua ganda, anang'oa nyuzi za pembeni, anachoma sindano katikati, anasukuma chini. Ganda juu ya ganda, kama mtu anayetunga shanga. Yakining'inizwa karibu na jiko hukauka na kukunjamana, ndiyo maana wenyeji huyaita suruali za ngozi. Wakati wa theluji hupikwa na kipande cha nyama ya nguruwe, yakachemka tangu asubuhi mpaka jioni.

Lakini haya hayatapikwa. Saa kumi na moja wageni wakishaondoka, Bi Ruthanna huyachomoa yote kwenye uzi na kuyarudisha kwenye beseni, ili kesho kuwe na kazi ya kuonyesha. Siku ya nne yakinyauka hutupwa, yanaletwa mengine ya dukani.

"Mama angeniona angenipiga na beseni," anasema. "Maharagwe yasiyoisha. Hiyo ni adhabu, siyo kazi."

Ng'ambo ya njia, Odell Stamper, mzee anayelipwa kuwa mhunzi, anamsikia na kuinua nyundo yake.

"Wewe una nafuu, dada," anasema. "Mimi chuma hiki nakiponda tangu Mei, hakijawa hata msumari. Farasi wa hapa watakufa pekupeku."

Kundi la kwanza la wageni linafika. Bi Ruthanna anaanza hadithi bila kuondoa macho kwenye sindano.

Ni hadithi ya mama mjane na wanawe watatu. Njaa imeingia, vijana wanaamua kwenda kutafuta kazi. Mama anawaokea mikate ya mahindi ndani ya majivu, mmoja kwa kila mtu. Kaka mkubwa anafika kwenye chemchemi, anamkuta mzee mwenye ndevu hadi kiunoni anayeomba kipande. Anamwambia apishe njia. Wa pili naye vilevile. Wa mwisho, yule ambaye ndugu zake walimwita mzembe, anaukata mkate wake katikati na kukaa chini wale pamoja. Mzee anampa kibuyu cha maji kisichokauka.

Wakati huo ni kiangazi. Mfalme, ambaye katika hadithi za huku ni jirani tu mwenye nyumba kubwa na ng'ombe wengi, mifugo yake inakufa kwa kiu. Kijana anamimina kibuyu, ng'ombe wanakunywa, anapewa shamba na binti. Wageni wanapiga makofi. Yote yamechukua dakika kumi na mbili, kama karatasi inavyotaka.

Mwanamume mmoja kutoka Ayalandi anamwambia kwa upole kwamba hadithi hiyo ni ya kwao, bibi yake aliisimulia na mzee alikuwa kwenye daraja. Wiki iliyopita mama mmoja Mjerumani alisema ni ya kwao, na mzee alikuwa msituni. Na sisi tuliokulia kwenye kupukuchua mahindi jioni tunaijua pia, ila kwetu mzee ni bikizee mwenye vidonda, na aliyemwosha ndiye aliyepata.

"Kila mtu ana shamba kwenye hadithi hii," anasema Bi Ruthanna. "Mimi peke yangu ndiye kibarua."

Karatasi ninayoitaja ipo kweli. Imefunikwa kwa plastiki na kutundikwa nyuma ya mlango. Imenakiliwa kutoka kitabu cha bwana mmoja wa chuo kikuu, Profesa Whitcomb, ambaye siku hizi ni marehemu. Kijiji cha maonyesho kilinunua ruhusa ya kuitumia, na msimulizi akitoka nje ya maneno yake anaonywa.

Profesa aliipata kwa Bi Delphia, mama yake Ruthanna. Alikuja alasiri moja na mashine ya kurekodi, Ruthanna akiwa na miaka kumi na mitano. Walimkaribisha barazani, wakampa maziwa mgando na mkate wa mahindi. Bi Delphia alikuwa akitunga maharagwe. Akasogeza beseni katikati, kama unavyomsogezea mgeni kiti.

Profesa alitabasamu, akaiweka mashine mapajani, akaishika kwa mikono miwili. Hakugusa ganda hata moja.

Hapo ndipo alipokosea, na hakujua mpaka anaingia kaburini. Katika bonde lile hadithi ni ujira wa kutunga maharagwe. Hivyo ndivyo watoto walivyoshikishwa kazi tangu zamani. Mwisho wenyewe hausemwi mpaka ganda la mwisho liwe kwenye uzi, na anayekaa tu mikono mitupu hupewa mwisho mwingine, mzuri, mfupi, wa kumuaga mtu aende zake. Wanauita mwisho wa mpita njia.

Harusi, shamba, ng'ombe wamekunywa. Huo ndio aliopewa Profesa, na ndio uliochapwa. Kitabu kilipotumwa kwa posta, Bi Delphia alitafuta jina lake. Palikuwa pameandikwa: msimulizi, mwanamke wa milimani.

"Aliketi saa mbili nzima na beseni liko mbele yake," Bi Ruthanna anakumbuka. "Mama alikuwa anamtazama mikono tu."

Mwisho wa kweli Ruthanna aliukaribia mara moja. Ulikuwa mwezi kama huu, jioni kabla hajapanda basi kwenda Ohayo kushona viti vya magari kiwandani. Alikuwa akitunga na mama yake, beseni limefika nusu. Mama alipita harusi, akaendelea. Alisimulia kwamba baada ya mwaka kijana alirudi kwenye chemchemi na viatu vipya, kutaka kibuyu cha pili. Mzee akamwambia atampa, ila amjibu kwanza neno moja. Asubuhi ile, mama yako alikula nini?

Wakati huo honi ya gari la binamu ililia barabarani. Ilibidi alale mjini ili awahi basi la alfajiri. Ruthanna akauliza kijana alijibuje. Mama akamwambia amalize beseni. Ruthanna akachoma sindano kwenye uzi, akasimama. Mama alikuwa amemfungia mikate miwili na nyama ndani ya karatasi. Anakumbuka karatasi, anakumbuka joto la mikate. Hakumbuki kama alimuuliza mama yake jambo lolote.

Alikaa Ohayo miaka ishirini na sita. Kila akirudi kwa likizo alikuta maharagwe yameshatungwa. Kila akiuliza kwa simu, mama alimjibu, "Uliacha nusu beseni, nami nimekuwekea nusu hadithi." Alisema akicheka, lakini hakuwahi kulegea.

Kiwanda kilipofungwa alirudi moja kwa moja, miaka kumi na tisa iliyopita. Angeweza kumaliza beseni lake siku yoyote. Ila wakati huo mama alikuwa amemkasirikia kwa jambo lingine, na akina mama wa huku hasira zao huwa hazina haraka. Kisha, miaka kumi na miwili iliyopita, bwawa la maji machafu ya mgodi juu ya bonde lilipasuka. Kijito kilipita shambani kikiwa cheusi kama wino. Kampuni ilihama, tope likabaki. Tangu siku hiyo hakijaota kitu pale ambacho mtu angethubutu kukila.

Mama hakukubali maharagwe ya dukani. Alitaka yatokane na mbegu ya ukoo, ile nyeupe yenye doa jekundu, ambayo kidogo ilibaki ndani ya chupa kwenye friji. Bi Ruthanna akaanza kuotesha kwenye mapipa ya plastiki barazani, kwa udongo wa mifuko. Mwaka wa kwanza waliyala kulungu. Wa pili yalinyauka. Wa tatu alipata kikombe kimoja, akakirudisha chote kwenye chupa kiwe mbegu, na miaka iliyofuata ikawa hivyo hivyo.

Wakati huo mama naye alianza kupungua. Ana miaka themanini na minane. Siku nyingine humwita Ruthanna kwa jina la dada yake aliyekufa. Siku nyingine humuuliza amekuja kuuza nini.

"Mimi sigombani na kifo, atakwenda, sote tutakwenda," anasema Bi Ruthanna. "Nagombana na beseni. Moja tu lijae kabla hajaisahau hadithi."

Mwaka huu mapipa yamezaa. Pengine ndiyo maana ile Jumamosi alijisahau kazini. Kundi la mwisho la alasiri lilipopiga makofi, aliwaambia wakae kidogo, kwamba huo ni mwisho wa mpita njia na hadithi ina swali. Akawauliza lile swali. Mama mmoja alianza kufuta macho, watu wakaondoka polepole bila kununua kitabu dukani.

Meneja, Bwana Kessler, alimkuta akimalizia kuchomoa maharagwe. Ni kijana wa mjini, hana kelele, na huwaita wafanyakazi kwa heshima.

"Bi Ruthanna, swali hilo liko wapi kwenye karatasi?"

"Haliko. Karatasi ilidanganywa."

"Nani aliidanganya?"

"Mama yangu."

Meneja akamweleza kwamba wageni wanataka kuondoka wakiwa na furaha, na kwamba hii ilikuwa mara ya tatu anatoka nje ya karatasi. Kesho asije tena. Gauni aliache kwenye ndoano.

Odell alimbebea mkoba hadi kwenye gari. Alimwambia heri yeye aliyefukuzwa kwa kusema kweli, kwani yeye Odell atafukuzwa siku akitengeneza msumari.

Jumanne mchana Bi Ruthanna amevuna mapipa yote. Beseni ni lilelile la bati la zamani, limebonyea upande mmoja, na limejaa hadi ukingoni. Anamtoa mama yake nje, anamkalisha kwenye kiti cha kubembea, anampa sindano. Mikono ya Bi Delphia inatetemeka hewani, lakini ikishika ganda inatulia.

"Wewe ni binti wa nani?" anamuuliza.

"Wako, Mama. Ruthanna."

"Ruthanna yuko Ohayo. Ung'oe nyuzi vizuri, zinakwama kooni."

Kisha anaanza mwenyewe, bila kuombwa. Mjane, njaa, mikate mitatu ndani ya majivu. Anakwama kwenye chemchemi. Anarudi nyuma, anaoka mikate upya. Kaka mkubwa anakwenda mara mbili. Bi Ruthanna hamsahihishi. Anatunga tu, na uzi unarefuka miguuni mwao.

Beseni likifika nusu, mama ananyamaza. Anatazama barabarani muda mrefu, kama anayesubiri gari. Halipiti gari. Bi Ruthanna haachi kutunga, ila machozi yanamdondokea juu ya maganda.

"Usiyaloweshe, yataoza," anasema mama, na hadithi inaendelea. Ng'ombe wanakunywa. Harusi inapita. Mwaka unakwisha, na kijana anarudi kwenye chemchemi na viatu vipya.

Yamebaki maganda kama kumi. Mzee anauliza swali lake. Mama anauliza kwa sauti ya mzee, taratibu, kisha anafumba macho, na kichwa kinaanza kuinama. Bi Ruthanna anatunga matano haraka haraka. Anajichoma kidole. Anatunga matatu. Ganda la mwisho ni dogo, limepinda, angelitupa siku nyingine. Analing'oa nyuzi, analichoma, anafunga fundo, anampa mama yake ncha ya uzi alishike fundo.

Bi Delphia analipapasa fundo kwa dole gumba. Anaingiza mkono ndani ya beseni, anauzungusha kwenye bati tupu.

"Limeisha," anasema.

"Limeisha, Mama. Kijana alijibuje?"

Mama anafumbua macho, anamtazama mwanawe usoni, na safari hii hamwiti kwa jina la mtu mwingine.

"Alimjibu, 'Alituambia ameshakula. Tukamwamini, Ruthanna, tukaondoka.'"