Sura Iliyosemwa Imo Kabatini

Kila mvua za msimu zilipoanza, karani wa ofisi ya maji aliacha kuandika. Nafasi alikuwa nayo. Alirudi nyumbani mapema kutoka kazini, akafua kilichokwisha kufuliwa, akavipanga vitabu kwa urefu, akachonga penseli nne mpaka zikabaki vipande. Kisha akaketi, akalitazama daftari, akainuka kwenda kuona kama maji yamechemka. Hakuwa amebandika maji. Mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, mwenye kazi na heshima zake, akazunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Uvivu wa msimu si aibu kubwa. Aibu ni alichokijenga juu yake.

Kwa miaka minne, kila Jumamosi mchana, alikuwa akisoma sura moja ya hadithi yake katika duka la wifi yake, fundi cherehani, wanawake wakishona na kusikiliza. Sura ya mwisho kusomwa ilimwacha mjane wa hadithi mlangoni kwa mama yake, ameinua mkono abishe. Wiki saba sasa mkono ule uko juu. Walipomuuliza, karani alijibu, "Sura imekwisha, imo kabatini. Naisafisha tu."

Siku moja Bibi Vifungo, mzee wao, aliyetia vifungo kwa mkono, akasema, "Jumamosi ijayo saa tisa binti yangu anakuja kunichukua. Nahamia kwake moja kwa moja, vidole vimenigomea. Usiniache niondoke mjane wangu yuko nje."

"Utaisikia, bibi."

Wiki nzima hakukalika. Jumatatu aliandika, "Mlango ulifunguka," akafuta. Jumatano akaandika maneno yaleyale, akafuta. Alipoulizwa jambo ofisini alijibu jingine. Mficha uchi hazai, naye alikuwa amejifunika gubigubi: angewezaje kuanza sura ambayo watu walijua imekwisha? Ijumaa akafanya baya zaidi. Alitoa sura ya zamani, akabadilisha majina na rangi ya gauni, akainakili kwa mwandiko mzuri.

Jumamosi akaisoma. Hakumaliza ukurasa wa kwanza. Bibi Vifungo alisimamisha sindano.

"Hii ulishatusomea. Nilikuwa natia vifungo vya sare za shule, vile vyeupe vya matundu mawili."

"Labda zinafanana, bibi."

"Mjukuu wangu, mimi sijui kusoma. Sura zako nazishika kwa nguo. Hii ni ya sare."

Cherehani zikanyamaza. Karani akaikunja ile nakala.

"Kabatini hamna kitu," alisema. "Sijaandika hata mstari tangu mvua zianze."

"Nami nawaambia wateja wifi yangu anasafisha sura," fundi akacheka. "Kumbe unasafisha hewa."

Bibi Vifungo hakucheka. "Haya, simulia kwa mdomo. Mjane anabisha. Halafu?"

"Mama anafungua. Anamkumbatia, wanalia."

"Miaka kumi na minane bila hata salamu, halafu nimkumbatie? Mimi singefungua. Ningeuliza nani, na sauti naijua."

"Ungemwacha nje, bibi? Mwanao?"

"Ningemwacha mpaka aseme kilichomweka mbali."

Karani akaisogelea meza ya kukatia. Akavuta karatasi ya fundi ya kuchorea nguo, akaomba penseli. Aliandika mistari minne, akakata miwili, akaendelea. Gari lilipopiga honi nje alikuwa bado ameinama.

Akainuka kumsindikiza mzee. "Haijaisha, bibi."

"Naona. Utampa binti yangu akija mjini, atanisomea. Na ukiwa hujaandika, mwambie hujaandika. Mimi nitangoja. Nisichoweza ni kudanganywa na mtu ninayempenda."

Karani alimshika mkono hadi garini, akarudi ameloa, akaenda moja kwa moja kwenye ile karatasi. Hakuketi. Pale karatasini mama alikuwa ameuliza mara ya pili, naye mjane, kwa mara ya kwanza tangu aumbwe, hakuwa na jibu zuri la kutoa.

"Wifi, hiyo ni meza ya kukatia," fundi akasema. "Nina gauni la watu hapa."

"Nipe kidogo."

"Mpaka lini?"

Karani hakuinua kichwa. "Sijui," alisema, akageuza karatasi upande wa pili.