Mwanangu Yuko Juu ya Mvule

Mwaka 1931, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alianguka kutoka juu ya mkarafuu kwetu Kiuyu, akafa, na dhiki ikaingia nyumbani. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, niliishia juzuu ya Amma. Skuli sikuitia mguu. Kwa hiyo haya ninayoyaandika sikuyatoa kitabuni. Yalinikuta mwenyewe, na asiyetaka kuamini aende Kiuyu akautazame mti, bado upo.

Katika vita vya pili vya dunia, mchele haupatikani, muhogo asubuhi na muhogo jioni, mjomba wangu Faki alinipa kipande cha pori la ukoo. Hakunipa hivi hivi. "Ukifyeke chote na ukipande mikarafuu kabla ya masika," alisema. "Masika yakikuta pori, nampa Kombo." Kombo ni mwanawe, na sikwambii alivyocheka.

"Yakhe, wewe umezoea kuchuma karafuu za watu. Zako utaziweza?"

Nilifyeka peke yangu mpaka ukabaki mvule mmoja katikati, mnene hata watu watatu hawaukumbatii, na juu yake popo. Si hawa popo wadogo wa darini. Popo wetu wa Pemba akikunjua mabawa anapata urefu wa mtu, ana kichwa chekundu na uso kama wa mbwa. Mchana wananing'inia kama nguo nyeusi zilizoanikwa, wanagombana, wananuka. Kwetu mti wa popo haukatwi mchana. Wakikurupuka wote wanakuharia wewe na shoka lako, na nguo hiyo huswalii tena. Hukatwa ikishaingia magharibi, wakisharuka kwenda kutafuta matunda, mti ukiwa mtupu. Ndivyo tulivyodhani, kwamba huwa mtupu.

Basi nikaswali magharibi palepale kondeni, popo wakaondoka kundi kwa kundi, nikashika shoka. Nilikuwa nimepiga kidogo tu, ganda limefunguka na utomvu mweupe unatiririka, nikasikia nyuma yangu, "Baba, ngoja kidogo."

Mwanamke. Amejitanda kaniki kutoka begani mpaka miguuni, mikono ndani. Sikumjua, na watu wa Kiuyu nilikuwa nawajua wote, nani mtoto wa nani. Alinukia embe zilizoiva kupita kiasi. Nikamwamkia.

"Mwanangu yuko juu," akasema.

"Juu wapi?"

"Huko unakokata."

Nikacheka. "Bibi, mvule huu mimi mwenyewe siupandi. Mtoto amefikaje?"

"Nimemlaza nikaenda kumtafutia chakula. Mamako hakumlaza mdogo wako akaenda kuchuma?"

Hilo lilinichoma. Mama alifanya hivyo hivyo mwaka aliokufa baba, na huyu alijuaje? Lakini masika yalikuwa mlangoni na sikuwa tayari kulitoa shamba kwa maneno ya mgeni. Niamini, sikukimbia. Nikamwambia, "Basi mteremshe. Nasubiri. Mpaka umteremshe sipigi shoka."

"Umesema?"

"Nimesema."

Akausogelea mti. Hapa ndipo wengi hunikatiza, nami nawaambia wanyamaze kwanza. Alipanda kinyume. Miguu ilitangulia, kichwa kikabaki chini, uso umenielekea mpaka majani yakammeza. Mikono haikutoka ndani ya kaniki hata mara moja.

Ungefanya nini wewe? Mimi nilikaa shinani, shoka mapajani, nikisoma kila nilichohifadhi. Juu nikasikia vilio vyembamba, si kimoja, vingi, kama nyumba walimoachwa watoto peke yao. Kumbe wale wadogo wasioweza kuruka bado, mama zao huwaacha matawini wakienda kula. Nilizaliwa chini ya popo hawa na sikuwahi kulijua hilo mpaka usiku ule.

Alfajiri wakarudi. Katika mamia yale kila mama alikwenda kwa mwanawe, sikuona aliyekosea. Mwanamke hakushuka. Kulipopambazuka nikaiona kaniki, imetundikwa tawi la juu kabisa, na kando yake popo mmoja amemfumbata mtoto kifuani, ananitazama.

Asubuhi hiyohiyo akaja mjomba Faki na Kombo.

"Mbona mti umesimama?"

"Kuna mtu namsubiri ashuke."

Kombo akasema, "Baba, huyu anaogopa popo. Nipe mimi shoka na shamba lake."

Mjomba alikuwa ameinua macho kwenye kaniki. Akaniuliza nani kaipandisha, nikamweleza neno kwa neno.

"Ulimwahidi?"

"Nilimwambia sipigi mpaka amteremshe."

"Panda kuzunguka mti," akasema mjomba. "Lakini masika yakianza, miche iwe imo ardhini. Hapo sikusamehe."

Nilipanda. Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, nikapanda, na mvua ya kwanza ilikuta miche imesimama. Kombo alipita barabarani akitazama upande mwengine.

Kaniki ilioza kwa mvua. Kovu la shoka halijazibika mpaka leo, na mpaka leo sipiti pale magharibi bila kusema, "Nipo." Tena kila mwaka mivule michanga huota nisikopanda, mipakani, kando ya njia, nyuma ya choo. Popo hula tunda la mvule na mbegu huziangusha mbali. Walioikata ya kwao, popo waliwahama, na leo wanakuja kwangu kutafuta mbao za milango.

Wewe unayesimamisha ufito mrefu wenye miiba nchani uwanase popo wakiruka, sikuhubirii. Nakuambia tu kwamba ukimwangusha mama magharibi, kuna aliyelazwa mahali anamngoja. Na wewe mwenye shoka, usitoe neno mbele ya mti kama huna nia ya kulitimiza, kwa sababu utaulizwa.

Leo nina shamba la mikarafuu, nyumba ya mawe iliyoezekwa bati, ng'ombe wawili, kisima, mivule niliyopandiwa na popo, na shoka lilelile, mpini mpya. Mvule wa katikati siuhesabu. Nilisema nasubiri, na hajamteremsha.